Minazi ya Uzee Wao

Baba yangu alikuwa mpaka chokaa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, zile ndefu zenye kuta nene, zilipita mikononi mwake kila masika yakimalizika, mvua zikishaziachia michirizi myeusi na ukungu wa kijani. Alikuwa na ngazi mbili, ndoo, na brashi za katani alizozifunga mwenyewe. Akitoka asubuhi mweusi, jioni alirudi mweupe, nyusi na kope zimeganda chokaa, na mama alimwekea maji uani na kumtia tone la mafuta ya nyonyo katika kila jicho kabla hajala.

Tulikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na ua. Mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo. Nilikuwa nimeolewa, sikujaaliwa mtoto, nikaachwa, nikarudi kwa wazee wangu na sanduku langu la nguo. Ndugu zangu wote walikufa wadogo, kwa hiyo nilibaki mimi tu. Mchana kutwa nilikaa baraza ya ndani na mama tukishona kofia za mkono, yeye akitoboa vile vitundu vidogo vya maua na mimi nikivifunga uzi, na kofia zikikamilika alizipeleka mwenyewe sokoni Darajani. Mama alikuwa mtu wa Jambiani, kijiji cha pwani. Aliletwa mjini bikira, na lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Ijumaa moja, baba alirudi kutoka msikitini akasukuma sahani ya chakula. Mama alimuuliza ana nini. Baba akasimulia. Fundi aliyemfundisha kazi, yule aliyemshikia ngazi ya kwanza alipokuwa kijana, amemkuta mlangoni mwa msikiti amekaa chini, mkono ameunyoosha. Baba aliinama akamwamkia, "Shikamoo, fundi," na yule mzee akageuza uso ukutani akajifanya hamjui. Baba alimtilia mkononi alichokuwa nacho akaondoka upesi, kwa kuwa aliona kusimama pale ni kumzidishia aibu.

"Yule hakuwa mvivu," baba alisema. "Kazi alifanya kunshinda mimi. Kila alichokipata alikula na watu, na watu wenyewe wameshakufa."

Mama aliendelea kushona. Kisha akamuuliza anadhani atapanda ngazi mpaka lini. Baba alisema labda miaka kumi, Mungu akipenda, maana magoti yameanza kulia. Mama akasema basi miaka kumi ni mingi, ila tuianze leo.

Lazima nieleze hapa kwamba baba alimzidi mama umri kwa mbali. Wapaka chokaa hawakuwa watu wa kuishi sana, vifua vyao viliharibika mapema. Katika mazungumzo yao yote ya siku zile, jambo lililokuwa likimtisha baba si uzee wake. Aliogopa uzee wa mama. Alijiona yeye ameshazikwa na mama amebaki mjane, anahamishwa kutoka nyumba hii kwenda ile, anapewa kona ya kulala na kuhesabiwa tonge. Mimi sikuwa na mume wala mtoto wa kiume wa kumtegemea. Kwa hiyo walipanga kitu kimoja tu: mama awe na chake baada ya baba kuondoka.

Mama ndiye aliyesema minazi. Huko kwao mnazi huuzwa mbali na ardhi. Shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyomo ikawa ya watu chungu nzima, kila mmoja na mti wake, na kila mti una alama ya panga kwenye shina na mashahidi wanaoujua. Mtu maskini hawezi kununua shamba, lakini mnazi mmoja anaweza. Na mnazi mchanga ulikuwa rahisi, kwa sababu watu hawana subira ya kuungoja. Mama alisema sisi tutanunua uchanga wao, kwa kuwa kitu tulichokuwa nacho ni wakati.

Alivua bangili zake za dhahabu za harusi akampa baba aende akaziuze. Baba alikataa. Walibishana karibu wiki nzima, wakibishana kwa sauti ndogo kama kawaida yao, mpaka mwisho baba akakubali kwa sharti moja, kwamba minazi itakayotokana na bangili zile itakuwa ya mama peke yake, si ya nyumba. Mama alicheka akasema mimi na wewe tuna nyumba gani nyingine. Lakini baba alilishikilia neno hilo, na mimi nilikuwepo.

Ile ya mwanzo waliinunua Jambiani, katika kiwanja cha kaka yake mama, mjomba wangu, ufukweni kabisa. Michache ilikuwa inazaa tayari, mingine ilikuwa inanifika kiunoni. Baadaye baba akanunua upande wa Fuoni, ambako ni karibu na mjini na udongo wake ni mzuri zaidi. Kila mwaka, kazi ya kupaka nyumba za watu kabla ya mwezi wa kufunga ilipokwisha, kabla hajanunua kanzu, kabla mama hajapata kanga ya kisutu, ilinunuliwa minazi. Mwaka wa kazi nyingi walinunua kadhaa. Mwaka wa kazi chache walinunua mmoja. Hawakupitisha mwaka bure hata mara moja.

Na walikuwa na sharti jingine, zito kuliko lile la bangili. Nazi za minazi yetu hazikuingia jikoni. Zilianguliwa, zikauzwa, na fedha yake ikanunua mnazi mwingine. Mama alisema tukianza kula tutakula kila kitu, kwa hiyo tujifanye hatuna. Basi sisi wenye minazi tulikula wali mkavu, na samaki wa chukuchuku, wa maji na ndimu tu, na mhogo wa kuchemsha kwa chumvi na pilipili. Nazi ilionekana kwetu siku ya Idi. Jirani mmoja mwanamke alikuwa akimtania mama, akisema katika maisha yake hajaona mtu wa Jambiani anayepika kama yuko safarini. Mama alicheka naye, lakini nilijua anaona uchungu. Alikuwa mpishi hodari, na mtu wa pwani asipokuna nazi ni kama mtu aliyefungwa mkono mmoja.

Mara chache katika mwaka tulikwenda Fuoni sote watatu. Tulipanda gari la shamba asubuhi, kisha tukatembea. Baba alipitia mti mmoja mmoja akitazama kilele kama hakina chonga, yule mdudu anayetoboa moyo wa mnazi. Mama alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya shina akasimama kimya kidogo. Nilimuuliza anasoma dua gani. Alisema hasomi dua, anapumzika.

Ulifika mwaka bei ya mbata, nazi kavu za kuuza, ikaanguka. Kila mtu Darajani aliizungumzia. Nazi zilirundikwa mpaka zikaota, na wakwezi wakawa wanapanda kwa ujira wa makumbi, maganda ya nazi tu. Watu waliuza minazi yao ovyo ili wapate chochote. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua mbata alimfuata baba nyumbani, akakaa barazani, akanywa kahawa, akamwambia kwamba yuko tayari kumchukulia minazi yote ya Fuoni kwa mara moja, taslimu, na baba afungue kiduka cha sufuria na taa, aache kupanda ngazi.

Baba alishawishika. Usiku ule na kesho yake alizungumza kuhusu kiduka tu, mahali pake, rafu zake, hata rangi ya mlango. Alikuwa amechoka. Mama alimwacha aseme mpaka akamaliza yote aliyokuwa nayo, kisha akaweka chini kofia aliyokuwa akiishona.

"Bwana," alisema, "miti inazaa au haizai?"

"Inazaa."

"Mwaka jana ilizaa sawa na mwaka huu?"

"Sawa."

"Basi kilichoanguka ni bei. Mti umesimama palepale. Yule mtu anaujua mnazi kuliko wewe, ndiyo maana amekuja mwaka huu, hakuja mwaka jana."

Baba alitoka akaenda kumwambia yule mfanyabiashara kwamba hauzi, na aliporudi alichukua brashi zake akaanza kuzifunga upya. Mwaka ule, pamoja na hali ile yote, waliongeza minazi mitatu kwa bei ya kutupa.

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa.

Mfungo mosi mmoja, Idi imepita haijapoa, mama alishikwa na homa. Alikuwa mzima kabisa, alikuwa mwanamke wa nguvu, hata nywele zake hazikuwa na mvi za kutaja. Siku ya kwanza alilala akaomba maji ya ndimu. Siku ya pili hakunijua. Tulimpeleka hospitali kwa gari la ng'ombe, baba akitembea pembeni amemshika mkono, na haikufika wiki akafa.

Mimi nilikuwa nimelia mpaka sauti imekatika. Baba hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosea nyumba. Watu walikuja kumpa mkono na yeye aliwajibu vizuri wote, lakini mara kwa mara alinigeukia mimi kwa sauti ya chini, kama anayetaka nimweleze kitu. Siku ya tatu, tulipobaki wawili, ndipo alipokisema.

"Mimi ndiye niliyekuwa nafa, mwanangu. Tulipanga mimi."

Hesabu yao yote, miaka yote ile ya wali mkavu, ilisimama juu ya kifo kimoja, na kilichokuja kilikuwa cha mtu mwingine.

Baada ya hitima ya arubaini, baba alimwita mjomba wangu wa Jambiani na mzee mmoja wa mtaa aliyejua mirathi. Tulikaa chumbani, mimi nyuma ya pazia. Minazi yote, Jambiani na Fuoni, ilijulikana kwa jina la baba. Mashahidi wote walimjua yeye. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha palepale, wala hakuna mtu ambaye angeuliza. Baba alianza yeye mwenyewe kusema. Alisema minazi ya kwanza ilitokana na bangili za marehemu na ilikuwa yake peke yake, na iliyonunuliwa kwa fedha ya nazi za miti hiyo ni yake vilevile, akaitaja mmoja mmoja, huu uko wapi, ule unapakana na wa nani. Ilichukua muda mrefu. Ilipokwisha, tuliona kwamba karibu nusu ya yote ilikuwa ya mama.

Yule mzee akagawa kama sheria inavyosema: mume robo, binti nusu, na kilichobaki cha kaka mtu. Mjomba wangu, ambaye alikuwa mkulima wa mtama na mpole kupita kiasi, alishtuka.

"Shemeji, mimi nimekuja kwenye hitima ya dada yangu. Sikuja kuchukua minazi."

Baba akamwambia, "Si yangu nikakupa, wala si hiari yako ukakataa. Ni haki yako. Chukua unisaidie."

Walikubaliana kwamba fungu la mjomba litolewe kwenye minazi ya Jambiani, kwa kuwa iko mlangoni mwake. Kwa akili lilikuwa jambo sawa. Iliyobaki, yangu na ya baba, ikawa ya Fuoni karibu yote.

Mwezi ule ule mkwezi alipoangua nazi za Fuoni, baba alimwambia atutengee chache za nyumbani. Hakusema sababu. Nilikuna, nikapika wali wa nazi na mchuzi wa samaki kama mama alivyonifundisha nilipokuwa mdogo, kabla ya masharti yote. Baba alikula tonge mbili, akasema ni mzuri, akanawa mikono.

Nilidhani mabaya yameisha. Lakini haukupita mwaka mjomba alikuja mjini. Alikaa barazani akiizungusha kofia yake mkononi, akashindwa kuanza. Mkewe alikuwa mgonjwa wa muda mrefu na yeye alikuwa amekwama kwa kila mtu. Alitaka kuuza ile minazi, na kwa heshima amekuja kumwambia baba kwanza. Baba hakumlaumu. Alimuomba jambo moja tu, amngoje mpaka kazi za kabla ya mwezi wa kufunga zimalizike, ainunue yeye. Mjomba alikubali kwa machozi.

Nilimwambia baba tuuze michache ya Fuoni tupate hiyo ya Jambiani. Akasema ya Fuoni inazaa mara mbili ya ile, udongo wa Jambiani ni mawe, na hata mama yangu mwenyewe, angekuwepo, angemkataza. "Nnajua haina hesabu," alisema. "Lakini alivua bangili kwa ile."

Kwa hiyo hakugusa ya Fuoni. Akaamua kuitoa fedha hiyo mwilini mwake. Alichukua kazi ambazo alikuwa ameshaziacha kwa vijana, nyumba za ghorofa tatu mbele ya bahari, kuta ambazo upepo unakutikisa na ngazi. Alitoka alfajiri akarudi magharibi. Nilikuwa nikimtia mafuta ya nyonyo machoni kama mama alivyofanya, na mara nyingi alisinzia kabla sijafika jicho la pili. Nilimsihi apunguze. Aliniitikia kila mara, "Naam, mwanangu, ntapunguza," na asubuhi alikwenda.

Siku moja upepo ulimpindulia ndoo usoni. Hakuanguka, alishuka ngazi yote kwa kupapasa, uso umejaa chokaa mbichi. Mafundi wenziwe walimuosha kwa maji mengi. Jicho moja lilipona. La pili halikupona.

Mjomba alingoja hata zaidi ya ahadi, namshuhudia kwa Mungu. Mwishowe mkewe alizidiwa na yeye akauza kwa mtu tusiyemjua. Alituma habari, na mimi ndiye niliyempelekea baba. Alikuwa amelala chali na kitambaa usoni. Alisema, "Haya," kisha akauliza hali ya yule mke wa mjomba, kama anakula.

Hivyo ndivyo baba alivyoacha kazi. Haikuwa siku waliyoipanga wala namna waliyoipanga. Ngazi alimpa kijana aliyekuwa akifanya naye kazi, na brashi pia.

Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba waliojinyima walijinyima bure. Ile minazi ilitulisha. Michanga waliyoinunua mwanzo ilikuwa sasa imefika kuzaa, na bei ya mbata ilikuwa imesimama vizuri. Kila mwangulio ulipofika tulikwenda Fuoni, baba akimuonyesha mkwezi miti, mimi nikiuza, tukarudi na fedha ya miezi mitatu. Baba hakumuomba mtu kitu. Alipata dawa yake, kahawa yake, sadaka yake ya Ijumaa. Mimi sikulazimika kukubali kila posa kwa njaa. Hesabu ya mama ilikuwa sahihi mpaka kwenye tundu la sindano. Ila ilikuwa hesabu ya watu wawili, na aliyetangulia ndiye aliyekuwa akijua kuitumia.

Baba hakujua kutumia. Nilikuwa nikimwekea fedha mbele yake na kumuuliza anataka nimnunulie nini Darajani, naye anafikiri kwa dhati, anakunja paji la uso, kisha anasema hakuna. Mara moja tu alitaka kitu. Alitaka nyumba yetu ipakwe chokaa na mtu wa kulipwa. Nilimwita fundi kijana. Baba aliwekewa kiti nje, akawa anamuelekeza kwa jicho lake moja: pale hujafika, hapo umeweka nzito, shusha mkono. Alikuwa amechangamka, nikasikia anacheka. Fundi alipofika ukuta wa chumba cha wazee wangu, baba aliinuka. Akasema kiti kimemchosha, nikamwingiza ndani.

Aliishi miaka michache baada ya hapo. Alikufa mchana, wakati wa adhuhuri, amejinyoosha kitandani kama mtu aliyetoka kazini. Sanda na hitima vyote vilitoka Fuoni, na hakuna aliyechangishwa.

Mwangulio uliofuata nilikwenda mwenyewe. Mkwezi wetu, mtu wa huko shamba, hakuwa amepata habari. Nilimkuta amekaa amejifunga kamba miguuni, panga kiunoni. Alinisalimu, akatazama njia niliyotoka, akaniuliza mzee amebaki nyuma, tumngoje? Nilimwambia asingoje. Aliniangalia usoni, akafahamu, akasema kile tunachokisema sote. Kisha akaniuliza aanzie mti gani, maana siku zote mzee ndiye aliyekuwa akimuonyesha.

Nilitazama ile minazi. Ilikuwa mirefu, imekaa kila mahali miongoni mwa minazi ya watu wengine, na siku zote zile nilikuwa nikiwafuata wao nyuma. Nikatembea mpaka wa kwanza nilioukumbuka, nikamwambia aanzie huo.